Tairi nne za Vitz kabla masika hayajachanganya

Vitz yangu inavaa 165/70R14. Naanza na namba hiyo kwa sababu ndiyo ya kwanza muuzaji kukuuliza, na ndiyo ya kwanza atakayotaka kukubadilishia akiwa hana mzigo wa saizi yako. Fungua mlango wa dereva, inama uangalie kwenye nguzo ya mlango: kuna stika ya kiwandani. Kwa magari yetu haya yaliyotoka Japani stika imejaa Kijapani, lakini namba hazina kabila. Utaona saizi ya tairi na kiwango cha upepo kwa kPa. Ikiandikwa 230, kwa geji ya fundi pancha ni kama 33. Ipige picha kwa simu kabisa, maana dukani utaulizwa na utaanza kubabaika.

Zangu zilikuwa zimefika mwisho. Ukichungulia kwenye mifereji ya tairi utaona vinundu vidogo vya mpira vilivyokatiza mfereji. Kashata, yaani ule mpira wa juu wenye mifereji unaogusa barabara, ikiisha hadi ikalingana na vinundu hivyo, ujue imebaki milimita 1.6, na tairi hiyo ni ya kutoa. Tairi mpya ya gari ndogo huanza na kama milimita 8. Za mbele zilishalingana na vinundu upande wa ndani, za nyuma zilikuwa na afadhali. Na Pasaka nilikuwa na safari ya Tanga kwa wakwe. Pasaka huangukia masika, na kipande cha Chalinze hadi Segera, uko nyuma ya lori linakurushia maji kwenye kioo, si mahali pa kujaribu bahati.

Mume wangu akasema nimwachie fundi atafute. Fundi wetu wa Tegeta nampenda, injini anaijua na hanidanganyi bei, lakini kwenye tairi ana dini yake, nayo inaitwa mtumba wa Japani. Ukimwambia tairi mpya anakuangalia kwa huruma. "Mama, utatupa hela. Mjapani anatoa tairi haijaguswa." Mimi ni mhasibu, na neno "haijaguswa" huwa linanifanya niombe risiti.

Basi usiku nikaingia mtandaoni. Wamarekani wanaandika kurasa na kurasa kuhusu tairi za misimu yote kwa gari ndogo, na ukizisoma ukiwa Goba nusu ya maneno unayaruka. Kwao kuna tairi za kiangazi, ambazo mpira wake hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kuna za baridi, zenye mpira laini wa kushika theluji na barafu. Halafu kuna za misimu yote, zilizosimama katikati ili mtu asihangaike kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Hizo ubavuni zina herufi M+S, yaani matope na theluji. Zilizofaulu mtihani wa theluji kweli zinaongezewa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. M+S peke yake ni ahadi nyepesi: mtengenezaji anaiweka kwa sababu ya jinsi mifereji ilivyochongwa, si kwa sababu tairi imepimwa popote.

Dar usiku wa Julai, watu wa Mbezi wanapotoa masweta, ni nyuzi 19 au 20. Kwa hiyo habari nzima ya baridi haituhusu, na tairi wanayoiita ya kiangazi kwetu inafaa Januari hadi Desemba. Sisi tuna lami inayochemka mchana kutwa kwenye foleni ya Bagamoyo, tuna vuli na masika, na mimi binafsi nina kipande cha mlima wa udongo kabla sijafika barabara kubwa. Kuhusu kipande hicho, niseme ukweli, hakuna herufi ya ubavuni itakayokusaidia. Tope likikolea pale, hata wenye Harrier wanaacha magari kwa jirani na kupanda kwa miguu wameshika viatu. Nikaamua nisichague tairi kwa ajili ya siku hizo. Nikabaki na mambo matatu: ishike kwenye lami yenye maji, ivumilie joto, na isiwe nzee.

Jumamosi nikaenda Gerezani, Kariakoo. Tairi zimepangwa barazani hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, zimepakwa dawa, zinang'aa kuliko za dukani.

"Karibu dada yangu. Vitz hiyo? Tunazo za Japani, kashata nzima."

Kashata kweli ilikuwa nzima. Akaniambia elfu 55 moja, na kufunga ananifungia bure. Kwa macho tu ningechukua. Nikaomba aigeuze nisome ubavu. Neno la kwanza nililoliona ni STUDLESS. La pili ni tarehe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tairi hizi zimejaa mjini na zinauzwa kama bahati. Zamani Wajapani wa mikoa ya theluji walikuwa wanafunga tairi zenye misumari. Misumari ikawa inakwangua lami na kujaza vumbi mijini, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Zikachukua nafasi tairi za theluji zisizo na misumari, na ndiyo hizo STUDLESS. Blizzak ya Bridgestone ni jina mojawapo, utaliona sana, na iceGUARD ya Yokohama. Ni tairi nzuri mno kwa kazi yake. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu, na juu ya kashata kuna vikato vingi vyembamba vya kwenda na kurudi, utadhani fundi kazichanja kwa wembe. Vikato hivyo ndivyo vinavyouma barafu.

Sasa zilete Dar saa nane mchana. Mpira uliotengenezwa kwa barafu unalainika kupita kiasi, kashata inayumba chini ya gari, ukipiga breki gari inachelewa kusimama, na mpira unalika haraka. Kwenye lami ya joto iliyolowa maji, tairi ya theluji ni dhaifu kuliko tairi ya kawaida, na sisi tunaponunua kashata tunadhani tunanunua usalama wa mvua. Ukiwa hujui kusoma ubavu, tafuta vile vikato, au bonyeza kashata kwa ukucha uone kama ni laini kupita kawaida. Pia angalia herufi ya mwisho baada ya saizi: nyingi za theluji zina Q, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, wakati za kawaida za saizi yangu huwa S ya 180 au T ya 190. Si kwamba nataka kukimbia 160. Herufi inakusaidia kujua tairi ni ya kabila gani.

Tarehe ni namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ile ilisema 4116: wiki ya 41 ya mwaka 2016. Wakati mwingine upande wa nje hauna namba hizo kamili, zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji ageuze, asikwambie "haina". Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na jua na joto vinauharakisha. Watengenezaji wakubwa kama Michelin na Continental wanashauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishapita miaka mitano, na ikifika kumi itolewe hata kama kashata ingalipo. Ushauri huo hawakuutoa wakifikiria tairi iliyopangwa barazani Kariakoo inaoka tangu asubuhi.

Nikamwonyesha muuzaji namba. Akacheka.

"Dada, wewe fundi?"

"Mhasibu, kaka. Nasoma namba tu."

Akaniheshimu kidogo baada ya hapo, akaniletea nyingine ya kawaida, ya miaka minne, nzuri kwa nje. Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Upande wa ndani wa ubavu kulikuwa na mchubuko umezunguka duara zima na ungaunga wa mpira umebaki. Maana yake iliwahi kutembea haina upepo, ikabeba gari kwa mbavu. Tairi hiyo nyuzi zake zimeshavunjika, na itapasuka siku yoyote bila taarifa. Sisemi mitumba yote ni mibaya. Nasema uzuri wake uko ndani na muuzaji anakuonyesha nje.

Kuhusu zile zilizochongwa kashata upya kwa kisu cha moto, sina la kusema zaidi ya kwamba ukizijua ukimbie.

Nikapiga hesabu pale pale barazani. Mtumba nne kwa 55,000 ni 220,000. Mpya za Kichina niliambiwa 145,000 moja, kwa hiyo 580,000. Kama mtumba wa miaka minane utanipa mwaka mmoja na mpya zitanipa minne, mpya zinanigharimu 145,000 kwa mwaka. Mtumba unabaki 220,000, na juu yake kuna fundi pancha. Shida ni kwamba 580,000 inadaiwa leo na 220,000 pia inadaiwa leo, na mwisho wa mwezi haujui hesabu ya miaka minne. Ndiyo maana siwacheki wanaonunua mtumba. Mimi mwenyewe nilisubiri mchezo wa kikoba ofisini unifikie.

Wiki iliyofuata nikaingia maduka ya tairi mpya, Barabara ya Nyerere. Huko vita ilikuwa ya saizi. Karibu kila duka walikuwa na 175/70R14 wakanihakikishia "inaingia hiyo, watu wote wanafunga". Inaingia, ndiyo. Lakini fuata namba. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, R14 ni rimu ya inchi 14. Tairi yangu, 165/70R14, ina kipenyo cha kama milimita 587. Hiyo 175/70 inafika 601. Gari inanyanyuka milimita 7, na ndiyo sababu watu wanaipenda, kwa ajili ya matuta yetu. Bei yake ni hii: injini ndogo inazungusha gurudumu kubwa zaidi, dashibodi inakwambia 50 wakati unatembea 51 na kitu, na ukikata usukani mwisho gari ikiwa na watu watano inaweza kugusa. Ukikosa saizi yako kabisa, chukua 175/65R14. Hiyo kipenyo chake ni 583, karibu sawa na ya kiwandani.

Namba inayofuata baada ya saizi, kwa mfano 81, ni uzito. 81 maana yake tairi moja inabeba kilo 462. Usishuke chini ya ile ya kwenye stika. Kupanda hakuna shida.

Chapa? Baba mkwe wangu bado anaongelea General Tyre ya Arusha, kiwanda kilichokuwa cha serikali na Continental ya Ujerumani, ambacho kilisimama miaka ya 2000 ikielekea kwisha. Kwa wazee wa Tanga hakuna tairi nyingine iliyowahi kuwepo. Siku hizi ukiingia dukani unakutana na Michelin, Bridgestone na Yokohama kwa bei ya kukaa chini, halafu Linglong, Triangle, Westlake na majina mengine ya Kichina ambayo yanabadilika kila ukirudi. Kumbuka pia kwamba jina la Kijapani si lazima litoke Japani. Bridgestone nyingi zinatengenezwa Thailand na Indonesia, na hilo si kasoro.

Nilichofanya ni kuacha jina na kusoma ubavu. Tairi zilizotengenezwa ziweze kuuzwa Marekani zina maneno matatu: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. La kwanza ni namba ya kulika, na kila kampuni inajipimia yenyewe, kwa hiyo sikuibabaikia. La pili ni kushika kwenye maji breki ikipigwa, kuanzia AA, A, B hadi C. La tatu ni kuvumilia joto, A, B na C, na C ndiyo kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria kule. Kwa Dar, mwenye B kwenye joto namwambia asante, sichukui. Nyingine zilikuja na karatasi ya Ulaya yenye rangi, ambayo alama ya wingu na tairi inaonyesha kushika kwenye maji, A hadi E. Moja ya bei nafuu ilikuwa na E. Muuzaji akasema hiyo karatasi ni ya Wazungu. Mvua nayo ni ya nani?

Nikachukua za Kichina za bei ya kati, TRACTION A, TEMPERATURE A, zisizotimiza mwaka tangu kutengenezwa. Nikaomba za stoo ndani, si zilizokaa mlangoni juani, na zote nne nikasoma tarehe kabla hazijafungwa, maana huwa wanachanganya. Jina sitaji, mtaenda kununua jina.

Kuna mdogo wangu wa kazini ana hela ya tairi mbili tu, akaniuliza aweke wapi. Hili nimebishana nalo na fundi wa Tegeta hadi chai ikapoa. Yeye anasema mpya mbele, kwa sababu Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele, breki kubwa ziko mbele, usukani uko mbele. "Mama, nyuma inafuata tu." Watengenezaji wa tairi wanasema mpya ziende nyuma, na nikifikiria naona wana haki. Kwenye maji, mbele ikiteleza gari inagoma kukata kona lakini bado inaangalia mbele. Ukiachia mafuta taratibu inarudi. Nyuma ikiteleza, matako ya gari yanakuja kukusalimia, na dereva wa kawaida, mimi nikiwemo, hawezi kuyarudisha. Fundi hajakubali. Mimi nilibadilisha nne kwa sababu hata za nyuma zilikuwa za mwaka 2017.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, ni hela ndogo. Angalia maneno ROTATION yenye mshale na OUTSIDE, yakiwepo, maana vijana wakiwa na haraka wanafunga kinyume. Dai balansi. Kijana wangu alikaza nati kwa kusimama juu ya spana kwa miguu miwili, nikamwomba ashuke. Nati za Vitz ni nne, zinahitaji kukazwa vizuri, si kupigiwa magoti, na ukishatembea kama kilomita mia rudia kuzikagua. Wakaniuliza kama nataka nitrojeni, elfu kadhaa kwa kila gurudumu. Upepo wa kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78. Nikabaki na upepo.

Kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, na hii usiikwepe. Tairi za zamani zililiwa upande wa ndani kwa sababu bushi za mbele zilichoka na mashimo. Kuvalisha tairi mpya kwenye gari inayokula tairi ni kumlisha mwizi. Tukabadilisha bushi kwanza, halafu alaimenti.

Tanga tulienda na kurudi. Mvua ilitukuta baada ya daraja la Wami na haikutuacha. Nilitembea 70, nikamwacha lori aende, na usukani haukuwa mwepesi mikononi kama masika yaliyopita, ule wepesi unaokwambia gari inaelea. Zina kelele kidogo kwenye lami mbaya, watoto wakaongeza redio.

Kilichobaki ni spea. Nilipoitoa buti nikaisoma: ile nyembamba iliyokuja na gari, inayotakiwa upepo wa kPa 420, kama 60 kwa geji, na isizidi kilomita 80 kwa saa. Nilipoipima ilikuwa na 18. Tarehe yake ni ya mwaka gari ilipotengenezwa, 2006. Mume wangu anashikilia kwamba ni mpya, haijawahi kugusa chini. Fundi wa Tegeta, kwa mara ya kwanza, yuko upande wangu. Ameniahidi rimu ya chuma ya inchi 14, na tairi ya kuweka juu yake anasema anayo ya mtumba, ya Japani, haijaguswa. Nimemwomba anitumie picha ya ubavu.